Mwaka Ngano ya Domitila Ilipogeuka Kijani

Domitila Arredondo alikuwa hodari wa kufunga. Hilo hata wasiompenda walimpa, na hawakuwa wengi, maana mtu anayejua kupika huchelewa kuchukiwa. Kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka kengele za Pasaka hakugusa nyama, hakutia sukari katika kahawa, redio aliifunika kwa kitambaa cha zambarau kama sanamu za kanisani, na juu ya yote hayo hakula pilipili. Mtu wa mji wetu wa Guanajuato aache pilipili siku arobaini! Afadhali umwambie aache kupumua Jumatatu na Alhamisi.

Shida ni kwamba pilipili ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliuza gordita mlangoni pa soko, vile vimkate vinene vya mahindi alivyovipasua ubavuni akavijaza maharage, jibini au mpungate wa kukaanga, na juu yake mchuzi wa pilipili uliomjengea jina. Sasa mpishi asiyeonja anapika kwa macho. Kila Kwaresima mchuzi wake uliingia wazimu: leo maji matupu, kesho moto wa kutoa kamasi. Madereva wa teksi na wauza maua walikula huku wakifuta macho, wakisema, "Afunge Doña Tila, tuungue sisi." Yeye alisikia, akatabasamu kama mtu anayesifiwa.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mfupi, mnene wa mikono, mjane wa miaka minne, hana mtoto. Aliishi katikati ya kichochoro chetu, ambacho kinapanda kilima kwa ngazi na ni chembamba kiasi kwamba ukipiga chafya kwako jirani anakuombea afya kwake. Nyumba tano juu yake aliishi wifi yake, Hermelinda, dada wa marehemu mumewe. Hawa wawili hawakusemezana tangu mazishi. Hawakugombana wala kutukanana. Ingekuwa matusi tungejua la kufanya, tungewaketisha pamoja kwa chupa ya meskali na yangekwisha. Kilikuwa kimya tu. Hermelinda alikwenda misa ya saa kumi na mbili, Domitila ya saa mbili, na ngazi zikawatosha wote wawili.

Sisi tulidhani ni huzuni. Domitila peke yake alijua ni nini.

Mumewe, Melquíades, alikuwa mchimbaji, na vumbi la mgodini lilimkaa kifuani kama linavyowakaa wengi wa kwetu. Mama yao alikufa Melquíades akiwa na miaka minne na Hermelinda kumi na mmoja, na huyo dada ndiye aliyemlea: alimwogesha, alimpeleka shule, alimtafutia buti zake za kwanza za mgodini. Kwa hiyo Domitila alipoolewa, aliolewa na watu wawili. Miaka thelathini na moja alisikia jinsi supu ya dengu ya Hermelinda ilivyo, jinsi Hermelinda anavyokunja mashati, jinsi Hermelinda anavyojua kutuliza kikohozi. Kuna mawifi wanaotiana vidole vya macho. Hawa waliheshimiana, wakapelekeana sahani, wakaulizana hali. Mwiba ulikuwa ndani, na ulikuwa wa Domitila.

Melquíades alikufa mchana kweupe. Saa nane alifumbua macho akasema aitwe dada yake. Domitila akajibu, "Sasa hivi." Saa tisa akasema tena. Saa kumi akasema tena, kwa sauti iliyokwisha. Nyumba tano! Angetoa kichwa dirishani na kuita mara moja, Hermelinda angeshuka hata kwa goti lake bovu. Hakuita. Saa kumi na moja na nusu mumewe akakata roho, na hapo ndipo Domitila alipotoa kichwa dirishani. Hermelinda alifika, akamfumba mdogo wake macho, akakaa kitako sakafuni, kisha akauliza neno moja tu.

"Aliniulizia?"

"Hapana, wifi," akasema Domitila. "Alilala tu."

Tangu siku hiyo Hermelinda alitembea kama mtu aliyepokonywa kitu asichoweza kukitaja. Mtoto aliyemlea kwa mikono yake ameondoka duniani bila kumkumbuka. Domitila aliliona hilo kila alipomwona mgongo ukipanda ngazi, na kila mwaka Kwaresima ilipofika akaongeza kitu cha kuacha. Mwaka wa kwanza sukari. Wa pili redio. Wa tatu akaacha kulalia mto. Aliungama kila mwezi, akaungama hasira, uvivu, umbeya, mpaka usingizi wa kanisani, na lile moja akaliruka kama mtu anavyoruka ngazi iliyovunjika.

Mwaka wa nne, wiki ya tatu ya Kwaresima, alipanda ngano yake ya altare. Ijumaa kabla ya Matawi ni siku ya Mama wa Mateso, na kwetu ni sikukuu kubwa kuliko nyingi, maana yeye ndiye msimamizi wa wachimbaji. Kila nyumba yenye uwezo hujenga altare katika chumba cha mbele: ngazi zilizotandikwa kitambaa cheupe na cha zambarau, sanamu ya Mama juu kabisa, mishumaa, machungwa machungu yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na makopo ya ngano iliyooteshwa gizani. Mlango huachwa wazi. Mpita njia yeyote anasimama kizingitini na kuuliza, "Je, Bikira keshalia?" Mwenye nyumba anajibu, "Keshalia," na kumpa gilasi ya maji ya ndimu au ya rozela, ndiyo machozi yenyewe. Ukiulizwa huna ruhusa ya kunyima. Hata aliyekuibia kuku akiuliza, anakunywa.

Ngano hiyo lazima itoke ya njano iliyopauka, rangi ya nta. Ikipata mwanga inageuka kijani, na ngano ya kijani ni chakula cha punda. Wengine huificha chini ya kitanda. Domitila aliiweka katika kabati la Melquíades, chini ya koti lake la Jumapili ambalo bado lilining'inia humo, na hakuna mtu kichochoroni aliyewahi kumshinda kwa ngano. Kila sikukuu hiyo alikaa kwake kama malkia, akigawa maji tangu asubuhi, watu wakiingia na kutoka, naye hajainua mguu kwenda kwa mtu.

"Umesikia?" Eufrosina wa nyumba ya mkabala alimwambia wiki hiyohiyo, ameegemea mlango na ufagio mkononi. Eufrosina alikuwa na ufagio kila saa, na kichochoro hakikuwahi kuwa safi. "Wifi yako mwaka huu anafungua mlango."

"Goti limempa ruhusa?"

"Goti halijatoa ruhusa, lakini ngano imeota. Nimeiona kwa macho yangu. Imepauka kama maiti."

"Yangu itapauka zaidi."

"Ndivyo ninavyokupenda, Tila, Kwaresima haijakuharibu hata kidogo," akasema Eufrosina, akafagia vumbi kutoka kwake likaenda kwa jirani.

Jumamosi Domitila akaenda kuungama. Padre Crisóforo alikuwa mzee mwembamba, mteja wake wa kila Jumanne, na Jumanne hiyo alikuwa ameonekana sokoni akinywa maji bombani kwa viganja vyote viwili. Domitila akapiga magoti, akaanza na orodha.

"Nimefunga nyama, Padre. Nimefunga sukari, redio, na mto. Na pilipili, kama kila mwaka."

"Ya pilipili najua, mama. Mji mzima unajua." Akakohoa nyuma ya wavu. "Niambie, nani anafaidi wewe usipokula pilipili?"

"Mungu, Padre."

"Mungu hana tumbo."

Domitila hakuwa amezoea kujibiwa hivyo. Amezoea sala tatu na nenda kwa amani.

"Yesu hakwenda jangwani kupunguza unene," Padre akaendelea, taratibu, kama mtu anayemenya chungwa. "Alikwenda mahali ambapo hakuna mlango wa kusimama nyuma yake. Hakuna kazi, hakuna jirani, hakuna sahani. Unabaki wewe na lile unalolikimbia. Ndiyo Kwaresima hiyo. Siku hizi watu wananijia: Padre, nimeacha simu, nimeacha soda, nimeacha keki. Vizuri. Na ile nafasi iliyobaki umeijaza nini? Kimya. Mtu ametoa vitu vyote nje ya chumba, amefagia, halafu amekaa mlangoni anazuia mgeni asiingie. Wewe umeacha vitu vingi sana, Doña Domitila. Mtu anayeacha vingi hivyo, mara nyingi kuna kimoja anachokishikilia."

"Sina kingine, Padre."

"Haya."

Nje mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Basi kitubio chako ni hiki," akasema Padre. "Kuanzia kesho, onja mchuzi wako kabla hujauza."

"Padre! Nile pilipili katika Kwaresima?"

"Ule. Kwa upendo wa jirani, kula."

Alitoka kanisani amefura. Miaka yote hiyo ya kujinyima, halafu anarudishwa jikoni kama mwanafunzi! Usiku hakulala vizuri, na sababu haikuwa mto. Asubuhi, kwa kuwa kitubio ni kitubio, alichovya kipande cha tortiya, ile chapati ya mahindi, katika mchuzi akakitia mdomoni. Alikuwa ametia pilipili za watu kumi. Machozi yakamtoka, akashika ukingo wa meza, na pilipili ilipokwisha kuwaka machozi yakaendelea yenyewe. Eufrosina akachungulia dirishani akacheka mpaka akaangusha ufagio, akasema, "Sasa umejua!" Domitila akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, alikuwa amejua.

Alijua tangu zamani, hilo ndilo linaloniudhi kwake na ndilo linalonifanya nimpende. Hakuwa mjinga wa roho yake. Alikuwa mwoga tu. Mbele yake kulikuwa na mambo mawili na yote mabaya: akisema kweli, Hermelinda atajua kwamba alinyimwa saa tatu na nusu za mwisho za mtoto aliyemlea, na kichochoro kizima kitajua kesho yake; asiposema, mwanamke wa miaka sabini na minne ataingia kaburini akiamini mdogo wake alimsahau. Goti la Hermelinda halikuwa likipona. Msimu wa baridi uliopita walikuwa wamemwita daktari mara mbili, na mara zote mbili Domitila alisimama dirishani akihesabu nani anapanda na nani anashuka.

Siku zile akawa na desturi mpya. Akirudi kutoka sokoni alifungua kabati la Melquíades, akavuta kiti, akakaa mbele ya lile koti. Hakuomba wala kusali, alikaa tu, macho kwenye vifungo. Akasahau kwamba chini ya koti kuna makopo sita ya ngano. Siku nyingine aliuacha mlango wa kabati wazi akaenda kupika, akaenda misa, na jua la dirishani likaingia humo bila kubisha hodi.

Jumatano kabla ya sikukuu aliinama kuitoa ngano akaipange kwenye altare. Ilikuwa kijani. Kijani cha shambani, kijani cha kumfurahisha mbuzi.

Eufrosina aliitwa kushuhudia. Alitazama kopo moja, akatazama la pili, akafanya ishara ya msalaba.

"Tila, umefuga bustani?"

"Usinicheke."

"Sicheki, naomboleza. Lakini mbona shida ndogo? Pale sokoni kwenyewe unapouza, wanauza ngano iliyopauka tayari. Chukua makopo sita, nani atajua?"

Hapo ndipo ungemjua Domitila. Mwaka mwingine angenunua na kuapa kwa watakatifu wote kwamba ni yake. Alisimama na kopo mkononi, akalizungusha, akalizungusha tena.

"Sinunui," akasema. "Mwaka huu sifungui mlango."

"Hufungui! Na watu watakunywa wapi?"

"Waende kwa Hermelinda."

Eufrosina akakosa neno, jambo lililoandikwa katika kumbukumbu za kichochoro chetu.

Ijumaa ilipofika, kichochoro kikanuka kamomili na nta. Milango ikafunguka mmoja mmoja, watu wakapanda ngazi kwa makundi, wanawake na maua wanayopewa kwa desturi siku hiyo, wazee na fimbo, kila kizingiti na lile swali lake. Mlango wa Domitila ukabaki umefungwa. Wengine waligonga, wakashangaa, wakaendelea juu. Yeye alikaa ndani akisikia nyayo zikipita, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake siku hiyo hakuwa na gilasi ya kujaza, hakuwa na mtu wa kumkaribisha, hakuwa na sababu yoyote ya kutotoka.

Saa nane mchana makundi yakapungua, watu wamekwenda kula. Domitila akanawa uso, akavaa shali nyeusi. Akapanga gordita nne katika kitambaa, za jibini, ili asiende mikono mitupu. Akafika mlangoni nazo. Akasimama. Akarudi akaziweka mezani, kwa sababu alijijua: angekabidhi kitambaa, angesema "nimekuletea kidogo," wangeongea habari za jibini, na angeshuka na uongo wake vilevile.

"Unakwenda wapi hivyo?" Eufrosina aliuliza kutoka kwenye kizingiti chake.

"Kuomba maji."

"Maji? Wewe? Njoo unywe hapa, yangu yana mbegu za chia!"

"Baadaye, mama, baadaye," akasema Domitila, akaanza kupanda.

Nyumba tano si mbali. Alipumzika mara mbili. Mara ya pili aligeuka kabisa, akashuka ngazi tatu, akasimama, akajisemea moyoni kwa lugha ambayo haifai Kwaresima, akapanda tena.

Mlango wa Hermelinda ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kidogo na altare imekijaza. Ngano imesimama katika makopo, njano, iliyopauka, kamili, kwa kweli nzuri kuliko zote alizowahi kuotesha Domitila. Kando ya mtungi wa maji Hermelinda alikaa kwenye kiti cha mikono, mguu umewekwa juu ya kigoda, mrefu na mkavu, nywele nyeupe zimebanwa nyuma. Hakukuwa na mtu mwingine. Akainua uso akamwona mgeni wake, na uso wake haukubadilika.

Domitila akashika mwimo wa mlango.

"Bikira keshalia, wifi?"

Hermelinda akamtazama.

"Keshalia," akasema hatimaye. "Siku nyingi." Akachota kwa kata, akajaza gilasi, akamnyooshea. "Umeishiwa maji kwako?"

"Nimeishiwa ngano. Imekuwa kijani."

"Ya kwako? Kijani?" Kona ya mdomo wa Hermelinda ikacheza kidogo kabla hajaizuia. "Basi dunia inaisha. Kunywa."

Yalikuwa maji ya ndimu. Domitila akanywa yote, akashika gilasi tupu kwa mikono miwili.

"Wifi, siku ile uliniuliza neno. Nilikudanganya."

Hermelinda akairudisha kata mtungini.

"Alikuulizia. Alikuita tangu saa nane. Mara tatu alisema nikuite, na mara tatu nikamwambia sasa hivi. Sikukuita. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na dirisha, na sikukuita."

Alikuwa amedhani atapigwa, au kufukuzwa, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Hermelinda alikunja tu mikono yake mapajani.

"Umetoka kuungama," akasema.

"Hapana. Padre hajui."

"Utakuwa umetoka kuungama, au umeota ndoto. Watu wa Kwaresima nawajua. Wiki hii kila mtu anatafuta kulala usingizi mzuri. Miaka minne unaniambia hapana, leo unaniambia ndiyo. Nichukue lipi? La kwanza lilikuwa la kuniumiza, la pili la kunituliza, na yote mawili yametoka kwenye mdomo huohuo." Sauti yake haikupanda. "Nenda nyumbani, Tila. Maji umekunywa."

"Alisema, mwite Panzi."

Mikono ya Hermelinda ikakunjuka.

"Alisema, mwite Panzi aje anishike miguu, inapata baridi," akasema Domitila, na sasa alikuwa akilia waziwazi, bila pilipili yoyote. "Sikuwahi kumsikia akikuita hivyo, miaka yote ile. Lakini nilijua ni wewe. Usifikiri sikujua. Nilijua palepale."

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa hai aliyelijua jina hilo. Lilikuwa jina la msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye magoti makubwa, aliyelala mkeka mmoja na mtoto wa miaka minne baada ya mama yao kuzikwa, na kuishika miguu yake kila usiku mpaka ipate joto, kwa sababu hawakuwa na blanketi la pili. Hermelinda akatoa sauti ndogo, akainama mbele, akafunika uso kwa aproni yake. Mabega yake makavu yakatikisika. Domitila hakuthubutu kumgusa. Alisimama palepale na gilasi yake, akimtazama mwanamke mzee akimpokea mdogo wake kwa kuchelewa miaka minne.

Sauti za watu zikasikika ngazini, zikakaribia. Hermelinda bila kuinua uso akapunga mkono kuelekea mlangoni, na Domitila akaelewa, akaurudisha mlango.

"Kwa nini?" Hermelinda akauliza ndani ya aproni.

Domitila alikuwa na majibu mengi aliyoyatunga kwa miaka minne: alichoka, alichanganyikiwa, alidhani bado kuna muda. Hakuna hata moja lililokuja.

"Wivu," akasema. "Nilitaka mara moja tu awe wangu peke yangu. Nilisema moyoni, huyu mwanamke amepata utoto wake wote, mimi nipate mwisho. Nikauchukua."

Hermelinda akashusha aproni. Macho yake yalikuwa mekundu na makali.

"Na miguu?"

"Nini, wifi?"

"Miguu yake, mwanamke! Alisema inapata baridi. Nani aliishika?"

"Mimi. Nilikaa mwisho wa kitanda nikaiweka hapa." Domitila akajigusa tumboni. "Mpaka saa kumi na moja na nusu. Sikuiachia."

"Ilipata joto?"

"Ilipata."

Nje mtu aligonga, akauliza kwa sauti kama Bikira keshalia, akasubiri, akaenda zake.

"Sijui kama nitakusamehe, Tila," akasema Hermelinda. "Usiniulize leo, na Pasaka usiniulize. Nitakapojua nitakwambia mwenyewe. Umeniibia, na mimi si mtakatifu wa kwenye kadi."

"Sawa, wifi."

"Sijamaliza. Vuta kile kiti. Si hicho, hicho kimevunjika mguu. Sogea karibu, sikio hili halisikii." Akaushusha mguu wake kutoka kwenye kigoda, taratibu, kwa mikono yote miwili, akajiweka sawa kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu. "Sasa anza. Saa nane alifumbua macho. Alikuwa amelala upande gani? Alikunywa maji? Mimi sikuwepo, na wewe ulikuwepo. Niambie yote, na usiruke kitu."

Domitila akavua shali, akaiweka magotini, akaanza.